Herufi Tatu Kwenye Kioo

Mama, nakuanza wewe, kwa kuwa nyumba hii sasa inakutazama wewe. Baba Mdogo, uliyekalia kiti cha kaka yako tangu jana bila kukiegemea hata mara moja, tumeona na tunakuheshimu kwa hilo. Shangazi. Mjomba, ambaye ukumbi ulikuwa wako kabla haujawa wetu. Mashemeji, wadogo zangu, na nyinyi watoto mlioambiwa mnyamaze na, kwa mshangao wetu, mmenyamaza: nawasalimu nyote.

Kikao cha jana kilivunjika, na kila mtu anajua kilivunjikia wapi. Jengo lenye ukumbi wetu wa michezo linabomolewa wiki ijayo. Baba Mdogo alisema mashine ile ya mwisho izimwe na iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Shangazi alisema atakayegusa swichi itabidi kwanza amruke yeye pale mlangoni, na akaongeza kuwa unene wake tunaujua. Mama hakusema kitu. Basi sikuja leo kuhutubia. Nimekuja na barua nilizoandikiana mwaka huu na mdogo wangu huyu, fundi redio, ambaye kwa wembamba wake na kwa kazi yake sote tunamwita Waya. Ameniruhusu nizisome. Mama pia ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisiruke mstari.

Kwa mashemeji ambao hawakuukuta mwanzo wa jambo hili, nitaeleza kwa kifupi. Mashine yenyewe ni sanduku la mbao lenye kimo cha mtu, kioo mbele, mpini mmoja wa kuchezea, na mchezo unaoitwa Reli. Kiooni kuna miraba, na kila mraba una kipande cha reli, isipokuwa mmoja ambao ni mtupu. Garimoshi linatembea na halisimami. Mchezaji anasogeza vipande kimoja kimoja kuingia kwenye ule mraba mtupu, ili njia iungane kabla garimoshi halijafika. Likikuta pengo, mchezo umekwisha. Mwenye pointi nyingi kuliko wote anaandika herufi tatu, na herufi hizo hukaa juu kabisa ya kioo, pembeni ya namba yake.

Ndugu yetu wa pili tulimwita Dereva kwa sababu ya mchezo huo. Asubuhi ile Baba alipompeleka stendi, aende kwenye kazi ya kiwandani aliyomtafutia, Dereva alipitia ukumbini, akacheza, akaandika D, E, R. Basi alilopanda lilianguka njiani, halikufika. Mashine za umri ule hazina kumbukumbu. Ukikata umeme, zinasahau kila kitu. Ndiyo maana Mama alikataza isizimwe. Waya akaifungia betri za lori ili umeme ukikatika iendelee kuwaka. Na tangu siku hiyo Mama na Baba walizungumza mambo mawili tu: chakula kiko mezani, na mgeni amefika.

Nasoma.

*

11 Februari 1993

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za watu wote wa hapa, pamoja na za wale wasiosalimiana wao kwa wao. Mimi mzima. Shangazi anasema nimezidi kukonda, kwamba nikianika nguo uani hajui kipi kamba na kipi mimi. Mama mzima. Baba yuko kwenye cherehani yake, suti za harusi ni nyingi mwezi huu, na kama kawaida hakuna hata moja iliyochelewa. Ana kikohozi kidogo, cha vumbi la vitambaa. Mjomba anakusalimu na anauliza kama huko uliko watu wanakula.

Sasa nikueleze lililonikalisha niandike. Mwenye jengo amekuja na watu waliovaa kofia ngumu, wakapima kuta. Anasema mwisho wa mwaka jengo linashuka. Alizungumza kwa adabu, akanywa chai, akatuachia muda wa kutosha. Sina la kumlaumu. Mashine nyingine zote zimekufa zamani, nimeshazifungua na kula vipuri vyake. Imebaki Reli peke yake, na watu bado wanakuja kuicheza, ingawa hakuna aliyewahi kumkaribia Dereva.

Nilimwambia Mama kwamba haihamishiki ikiwa inawaka. Mbao ni nzito, mlango ni mwembamba, lazima ilazwe, na ukiilaza na umeme ndani utaiua wewe au itakuua yenyewe. Alikuwa anafuta kioo. Hakugeuka. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani wewe una haraka ya nini?"

Baba nilimweleza mezani. Akasema, "Kabati la kelele limekula mtoto mmoja, sasa linakula na mama yake." Mama akainuka na sahani yake. Dada, wewe ndiye mkubwa wetu, maneno yako yanasikika kwake kuliko yangu. Nisaidie kufikiri. Na unakuja lini?

Mdogo wako,
Waya

*

6 Machi 1993

Mdogo wangu Waya,

Barua yako imenikuta mzima, katika chumba kilekile chenye dirisha linalotazama ukuta. Wanafunzi wangu ni wengi kuliko viti, kwa hiyo nafundisha nusu yao wamesimama, na waliosimama ndio wanaoelewa zaidi. Mwambie Mjomba kwamba huku watu wanakula, ila hawakaribishani.

Suala la mashine nimelifikiria njiani kwenda kazini na kurudi. Usimsukume Mama. Mwaka bado mchanga. Mama si mtu wa kubishana na ukweli. Akiachiwa nafasi, hufika mwenyewe na hufika mbele yetu. Ila usimdanganye. Mwambie kila mwezi unavyopita, kwa upole, basi.

Kuhusu Baba, usiyachukue maneno yake kwa uzito unaoyasikia nao. Alikuwa hivyo hata zamani. Alipopenda suti alisema tu kwamba haina kasoro. Ningependa kujua zaidi kuhusu hicho kikohozi.

Nakutumia soksi. Usizivae kazini, nakujua.

Dada yako

*

19 Mei 1993

Dada yangu mpendwa,

Unisamehe kwa ukimya. Sikuwapo. Soksi zilifika, nimezivaa mara moja tu kazini, na mara hiyo ndipo zilipotoboka.

Mengi yametokea na yote mazuri, kwa hiyo nianze na Shangazi. Alifanyiwa ule upasuaji wa nyongo, akatoka salama, na sasa anaonyesha kovu kwa kila mgeni, awe ameomba au hajaomba. Mama alikwenda kwake kumuuguza na akakaa huko muda mrefu. Nami nilipata kazi ya kufunga vipaza sauti katika shule moja ya mbali. Hivyo tuliondoka sote, tukamwachia Baba ufunguo wa ukumbi. Fikiria: Baba, ambaye hajavuka kizingiti kile tangu msiba. Mama alimwekea ufunguo mezani karibu na sahani, akamwambia ni wa wapi, basi. Akaupokea.

Tuliporudi, mashine ilikuwa inawaka, na herufi ziko mahali pake. Nilishukuru, maana nilisikia njiani kwamba umeme ulikatika hapa siku nyingi mfululizo, na betri zangu si za kuaminika kiasi hicho. Nilimwuliza Baba kama zilistahimili. Akasema, "Si unaona inawaka?"

Lakini kuna mambo mawili matatu ambayo sijui niyaweke wapi. Nilikuta wateja wake wawili wananung'unika uani. Suti zao zimechelewa. Dada, unamkumbuka Baba akichelewesha suti? Bwana harusi mmoja alikwenda kanisani na koti la kuazima. Tena Baba amefunga kiganja cha mkono wa kulia kwa kitambaa, anasema mkasi ulimteleza. Na ukumbi wenyewe aliufungia wateja muda wote tuliokuwa hatupo. Majirani wanasema alibandika karatasi mlangoni, imeandikwa "Usafi". Nilipoingia ndani vumbi lilikuwa vilevile.

Jana tulikuwa tunakula, Mama hayupo mezani. Bila kuinua uso Baba akaniuliza, "Lile garimoshi likifika ukingoni mwa kioo, huwa linakwenda wapi?"

Nikamwambia linatokea upande wa pili, kama njia imeunganishwa.

Akatafuna kwa muda. "Halisimami popote?"

Nikasema halisimami.

"Upuuzi," akasema, akamalizia chakula.

Mimi nadhani uzee umemwingia kidogo, hilo tu. Kikohozi kipo. Mama anauliza kama likizo yako bado ni Julai.

Wako,
Waya

*

20 Juni 1993

Mdogo wangu,

Salamu zangu kwa Shangazi, na umwambie kovu lake nitaliona kwa macho yangu siku moja, asichoke kulitunza. Nimefurahi kwa ajili ya vipaza sauti vyako. Mimi nimehamishiwa chumba kingine, na dirisha la sasa linatazama mti.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyo desturi yangu. Baba hana uzee wa aina hiyo. Mtu anayejua kipimo cha bega la mteja aliyefariki zamani hawezi kusahau suti ya harusi mkononi. Kwa hiyo kulikuwa na kazi nyingine iliyompa haraka zaidi. Sitaki kukuambia ninachokidhani, kwa sababu nipo mbali, na mtu wa mbali huona anachokitaka. Lakini wewe una macho. Tazama, usiulize.

Umeniambia kikohozi kipo. Nilikuwa nimeuliza kikoje.

Julai sitaweza.

Dada yako

*

8 Agosti 1993

Dada yangu mpendwa,

Sote wazima. Nakuandikia ukumbini, mchana, milango imefungwa, kwa sababu jambo hili siwezi kuliandika nyumbani.

Ilikuwa hivi. Kioo kilianza kupiga mawimbi, nikaona nirekebishe mwanga. Nyuma ya sanduku kuna kitufe cha kuzungusha, unapunguza mwanga bila kuzima. Nilipunguza hadi herufi na namba zikafifia kabisa, kioo kikawa cheusi. Lakini hakikuwa cheusi. Pale juu palibaki kivuli cha kijivu: D, E, R, na namba pembeni yake. Mwanga uliokaa mahali pamoja miaka yote hiyo umekichoma kioo. Hilo ni la kawaida kwa vioo vya zamani, nilipaswa kulitarajia. Nilisimama hapo nikimtazama ndugu yetu ambaye hahitaji umeme.

Kisha nikarudisha mwanga, nikalinganisha. Namba ya kivuli inaanza na tisa. Namba inayowaka ilikuwa inaanza na sita. Herufi ni zilezile, mahali palepale, lakini namba si yake.

Dada, betri hazikustahimili. Mashine ilizimika tukiwa hatupo, ikasahau kila kitu, na mtu fulani akaketi mbele yake hadi akazipita zile alama zilizowekwa na watengenezaji wake, zinazojiandika zenyewe inapowashwa upya. Kisha hakuandika herufi zake. Aliandika za Dereva.

Nilitazama, kama ulivyoniagiza. Huwa tunafunga ukumbi mchana Mama akienda kupumzika. Jumatano niliondoka naye kama kawaida, kisha nikarudi kwa ajili ya bisibisi niliyoisahau kweli, si kwa hila. Kupitia upenyo wa mbao za dirisha nilimwona Baba. Ameketi kwenye kiti cha cherehani, amekibeba kutoka dukani kwake. Miwani puani, futi shingoni, midomo inahesabu kimya kama anapokata kitambaa. Na anacheza kama anavyokata. Anatazama kwa muda mrefu, anapima, halafu mkono unakwenda mara moja. Lakini garimoshi halimsubiri anayepima. Lilidumbukia pengoni. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Tena," akasema.

Hakukuwa na mtu mle ndani. Alikuwa anajiambia mwenyewe, kwa sauti ileile aliyokuwa akituambia sisi tukishona mstari uliopinda.

Nilikwenda zangu bila bisibisi. Tangu hapo naitazama namba kila jioni. Imefika saba. Anaifuata ya Dereva, Dada. Anataka kuifikia ili pasiwe na tofauti, na Mama asijue kamwe kwamba kulikuwa na siku ambazo mwanawe hakuwapo pale.

Nimwambie Mama? Nimwambie Baba kwamba najua? Naogopa kukosea. Kikohozi bado. Unakuja lini?

Waya

*

30 Agosti 1993

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sitaanza na habari zangu, utaniwia radhi.

Usimwambie Mama. Wala usimwambie Baba kwamba ulimwona. Mtu akilificha jema lake kwa taabu ya namna hiyo, anayemfichua anamnyang'anya. Mwachie. Fanya moja tu: legeza mpini huo, uwe mwepesi kwa kiganja kinachouma, na useme ni matengenezo.

Ninamwona na futi shingoni. Tangu barua yako ifike ninamwona hata darasani. Alimpeleka Dereva stendi kwa mikono yake, akambebea sanduku la nguo, na nadhani hakuna siku aliyolitua sanduku lile. Tulimhukumu kwa kuwa hakulia mbele yetu. Sikuandiki hili ili tujilaumu. Naliandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kurasa nzima juu ya kioo na neno moja juu ya kifua cha Baba. Februari kilikuwa kikohozi kidogo. Mei kipo. Agosti bado. Nafundisha lugha, Waya. Najua mtu anapofupisha sentensi ana sababu. Niambie.

Kuhusu kuja, mitihani inaanza mwezi ujao.

Dada yako

*

14 Oktoba 1993

Dada,

Nilikuficha kwa amri yake. Tangu Septemba Baba hashoni. Daktari aliisoma picha ya kifua mbele ya taa, akaizungusha, akanirudishia bila kumtazama Baba. Baba alinikataza kukuandikia. Alisema una watu wa kufundisha.

Nililegeza mpini kama ulivyosema. Aliutumia wiki mbili, kisha miguu ikakataa kumfikisha. Yuko kitandani, cherehani ameigeuza itazame ukuta. Kila mchana, saa ileile aliyokuwa akienda, ananiita, ananiuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani asiyempenda, "Kabati la kelele linaendeleaje?"

Namwambia linawaka. Jana akaniuliza, "Namba?"

Hatukutazamana. Nikasema inaanza na nane. Sijui alijua lini kwamba najua.

"Bado," akasema. "Bado kidogo."

Niligeuka nikamwona Mama mlangoni, ameshika bakuli la uji. Sijui alisimama pale kwa muda gani wala alisikia nini. Aliingia, akaketi kitandani, akamlisha. Hakumwambia kwamba chakula kipo. Alimlisha tu, na yeye akala.

Hii si barua ya salamu. Sikuulizi tena unakuja lini. Njoo.

Waya

*

Barua hiyo ilinifikia ikiwa imetanguliwa na simu ya maandishi kutoka kwa Mjomba, yenye maneno ambayo sihitaji kuyarudia katika nyumba hii. Niliijibu kwa kuja. Mnajua nilimkuta Baba akiwa wapi.

Ndugu zangu, hapo barua zinakwisha, lakini neno halijaisha. Jana mlipotawanyika mkiwa mmekasirikiana, mimi na Mama tulikwenda ukumbini. Niliamini nimebeba habari nzito, nikatafuta mahali pa kuiweka. Nilimwambia kwamba herufi zile si Dereva aliyeziandika. Nilimweleza za betri, za mkono uliofungwa kitambaa, za kiti cha cherehani.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Kisha akasema, "Nilijua siku niliyorudi kutoka kwa wifi yangu. Mpini ulikuwa na chaki."

Ile chaki ya fundi cherehani, ndugu zangu, anayochorea kitambaa kabla ya kukata. Baba aliishi nayo vidoleni. Ilikuwa kwenye vikombe, kwenye magazeti, kwenye vichwa vyetu alipotupapasa. Aliificha kazi yake kwa wiki kadhaa, akabandika karatasi mlangoni, akadanganya juu ya mkasi, na hakukumbuka kunawa mikono. Mama aliikuta, na akaifuta. Aliifuta siku ile na kila mchana baada ya hapo, kabla ya kufungua milango kwa wateja. Namba aliiona ikipanda kutoka sita kwenda saba, kutoka saba kwenda nane.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia.

"Angejua nimejua, angeacha," akasema. "Na mimi nilitaka aendelee."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda ilivyotoka, kwa nini basi hakumwambia hata alipolala kitandani. Mama aliitazama mashine. Garimoshi lilikuwa linazunguka lenyewe, kama linavyofanya likikosa mchezaji.

"Nilikuwa nasubiri afike," akasema.

Basi mkae mkijua kwamba Mama aliponyamaza jana hakuwa anamlilia mtoto mmoja. Mstari ule wa juu ni wa watu wawili: herufi ni za mmoja, namba ni ya mwingine, na kwa muda wote huu mke na mume walioacha kuzungumza walikuwa wanaandikiana hapo.

Mama amenipa uamuzi wake leo asubuhi na ameniagiza niutangaze kama ulivyo, ili usijadiliwe bali utekelezwe.

Kesho saa nne asubuhi mashine itazimwa, kwa mkono wake. Waya ameshamwonyesha kivuli kilichomo kiooni, na ameridhika. Dereva hahitaji tena betri za mtu. Namba ya Baba haikukaa muda wa kutosha kukichoma kioo. Itapotea. Mama ameniagiza nilitamke hilo waziwazi, asije mtu akasema baadaye kwamba hatukufikiri. Amesema Baba mwenyewe hakutaka ionekane, na ataheshimiwa hivyo. Anayetaka kuiona aende ukumbini leo kabla ya jua kuzama, asimame, atazame, arudi. Asiguse mpini. Bado una chaki ya mara ya mwisho, na hiyo Mama hakuifuta, wala tangu hapo hakuwafungulia tena wateja.

Haitauzwa. Itawekwa katika chumba cha Baba, karibu na cherehani, na hakuna atakayeichomeka tena ukutani. Baba aliiita kabati la kelele. Kuanzia kesho itakuwa kabati tu.

Shangazi, kwa heshima zote, utatupisha mlangoni. Waya ataleta kamba na magodoro ya kuilazia. Wanahitajika watu wanne wenye migongo mizima. Baba Mdogo, wewe ndiye uliyetaka iondoke. Tafadhali shika upande wa mbele, na utembee polepole, kwa sababu Mama atakuwa nyuma yako ameshika kile kiti cha cherehani.

Wanne hao wasimame sasa, nihesabu.